Hadithi Nne za Kesho na Miembe ya Mama

Kwa muda mrefu nimekana kwamba niliiamini ile warsha. Wakiniuliza kazini, nilisema nilikwenda kwa sababu nilitumwa. Wakiniuliza nyumbani, nilisema nilifuata chai. Hata gazetini, kwenye safu yangu, niliwahi kuiandika kwa kejeli, nikawachekesha wasomaji kwa habari za watu wazima waliobandika vikaratasi vya rangi ukutani na kuviita kesho. Ukweli ni kwamba niliiamini kuliko mtu yeyote aliyekuwamo ukumbini. Niliingia na shaka, na mtu aliyeingia na shaka akishageuka hakuna wa kumrudisha.

Shaka ninayo siku nyingi. Naishi Ibadakuli, ambako tangu habari za uwanja wa ndege zianze kila mwenye kiwanja amekuwa mtabiri. Changu nilikinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba lami itapita mbele ya mlango. Lami ilipita, mbele ya mlango wa mtu mwingine. Tangu hapo mtu akitamka neno "baadaye" mbele yangu, huwa namtazama mikono.

Warsha ilifanyika Shinyanga mjini, katika ukumbi wenye feni moja iliyozunguka kwa kulalamika. Ilikuwa ya kujifunza mbinu za kuona mbele kimkakati, na mwezeshaji wetu alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na pembe. Alianza kwa kutuondoa wasiwasi.

"Hatutabiri," alisema. "Kutabiri ni kazi ya wengine. Sisi tunajiandaa."

Kila mtu mle ndani alijua hao wengine ni akina nani, maana vibao vya waganga vimejaa njiani. Afisa mifugo mmoja kutoka Mhunze, aliyekaa nyuma yangu, akanong'ona, "Hao wengine tunao wa kutosha, na hawahitaji umeme."

Kisha tukagawiwa vikaratasi tuandike wazazi wetu wanaishi wapi na wanategemea nini. Hapo nikaweka kalamu chini. Nikauliza nani analipia chai.

"Wadau," akajibu mwezeshaji.

Mama mmoja anayeuza mchele kando ya barabara pale Tinde akanisogelea. "Wadau ndio nani, dada?"

"Ni mtu asiyetaka kutajwa."

"Basi ana mke mwingine," akasema, akaendelea na chai yake.

Mwezeshaji alibandika ramani. Ilikuwa na duara nyekundu kila palipo na mgodi, kuanzia huku kwetu hadi upande wa Geita. Alipokuwa akieleza, kidole chake kilikaa mahali pamoja muda mrefu, na mahali pale palikuwa kijiji cha mama yangu. Nilikitazama kile kidole. Hakikuwa na haraka ya kuondoka. Nikasema moyoni, huyu hakuja kutufundisha, amekuja kutuzoesha. Kuna jambo limeshaamuliwa mahali fulani, na sisi tumeitwa tulichore kwa kalamu za rangi ili baadaye tuambiwe kwamba tulilichora wenyewe.

Kwa hiyo nilisikiliza kuliko wote, kama anavyosikiliza shahidi. Na kadiri nilivyosikiliza, ndivyo nilivyonasa.

Alitufundisha kwanza ishara hafifu. Ni jambo dogo, alisema, linaloonekana leo pembeni mwa jicho, ambalo kesho ndilo litakalokuwa habari yenyewe. Akaomba mifano. Yule mama wa Tinde akanyoosha mkono.

"Mume wangu ameanza kunyoa ndevu kila siku."

"Hiyo si hafifu, mama," akasema afisa mifugo, na ukumbi ukaangua kicheko.

Halafu akachora msalaba mkubwa kwenye karatasi ya ukutani. Katekista mmoja mzee kutoka Ushirombo akajigusa paji la uso na mabega, nusu kwa mzaha, nusu kwa mazoea. Mstari mmoja ulikuwa swali: mgodi utapanuka au hautapanuka? Mstari wa pili ulikuwa swali lingine: watu watasikilizwa au hawatasikilizwa? Katikati ya mistari vikapatikana vyumba vinne, na kila chumba tukakiandikia hadithi yake ya kesho. Mimi niliziandika zote kwa kumfikiria mama. Katika hadithi ya kwanza mgodi unakuja na mama anapuuzwa. Katika ya pili unakuja, lakini mama anasikilizwa. Katika ya tatu na ya nne mgodi unaishia mbali. Katika zote nne mama yangu alikuwa ni mtu anayeng'ang'ania nyumba yake, akilia au akicheka kutegemea chumba. Sikuona ajabu yoyote katika hilo.

Nilitoka pale mwanamke mwingine. Hebu fikiria mtu aliyeishi na shaka kama anavyoishi na vidonda vya tumbo, ghafla anaambiwa kwamba ule ugonjwa ni mbinu, una hatua zake na una michoro. Kabla hatujaagana, mwezeshaji alisema limebaki zoezi moja dogo: kujiuliza ni nani anayehusika na kesho hii lakini hayumo humu ukumbini. Wakati huo pilau ilikuwa imeshafika na vifuniko vimefunuliwa. Tulimwambia hilo tutalifanya nyumbani.

Nyumbani, kwangu, ni kwa mama. Kijiji chetu kiko upande wa Geita, na mgodi umekisogelea taratibu, kama maji ya mvua yanavyosogelea miguu ya kitanda. Mama aliolewa hapo, akatuzalia hapo, na baba amezikwa nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Baada ya warsha nilikwenda bila kutoa taarifa. Nilitaka kuziona ishara kabla hazijafichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola," nikajibu. Salama.

"Mbona hukusema unakuja? Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi kaa."

Nilikaa, lakini macho yangu hayakukaa. Jambo la kwanza nililoliona ni miembe. Shamba la mbele, lililokuwa la mtama, lilikuwa limejaa miche ya miembe iliyopandwa karibu karibu kama mahindi. Mtu wa kwetu haulizi miche ya namna hiyo ni ya nini. Inaitwa kutegesha. Fununu zikianza kwamba mgodi unachukua ardhi, watu hupanda miti na kuinua vijumba haraka, ili wathamini wakija wakute kitu cha kuandika. Maembe hayamo katika hesabu. Miche iliyobanana vile haiwezi kuzaa hata kama ingetaka.

Pembeni ya miche palikuwa na kijumba kipya cha tofali za udongo, hakina dirisha, na mlango wake ulitazama kichaka. Nikazunguka nyuma. Kaburi la baba, ambalo miaka yote lilikuwa kichuguu chenye msalaba wa mti, lilikuwa limejengewa kwa saruji na kingo zake zimepakwa chokaa. Nilisimama pale nikiwa na hasira iliyonishangaza. Mtu alikuwa amemtegesha baba yangu.

"Nani amejenga hapa?" nikauliza niliporudi.

"Fundi," akajibu mama.

"Fundi aliagizwa na nani?"

"Mafundi wanaagizwa na wenye saruji." Akaendelea kupepeta mchele.

Ishara zikazidi kuja. Kuku walikuwa wamebaki wawili. Sanduku lake la bati, ambalo huwa chini ya kitanda, lilikuwa juu ya kiti, limefungwa kamba. Na pale jikoni palikuwa na alama ya duara sakafuni, mahali kilipokaa kinu tangu nizaliwe.

"Kinu kiko wapi, mama?"

"Nimempa jirani."

"Wewe utatwangia nini?"

"Kwani mimi bado natwanga?"

Jioni tukila, aliniuliza kama ni kweli kwamba mdogo wake, mama yangu mdogo anayeishi Ushirombo, anaisikia kengele ya kanisa akiwa bado kitandani. Nikasema ni kweli, kanisa liko karibu sana na nyumba yake. Akauliza kama kisima nacho kiko karibu. Nikasema kiko karibu. Hayo sikuyaweka pamoja na ishara zangu, maana hayakuhusu mgodi.

Nilipolala nilikuwa nimeshapata jibu. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anamwondoa mama. Alikuwa ameanza na kuku na kinu, akajenga kaburi, akapanda miembe, na siku ya siku mama angeamka akute nyumba yake imekwisha kuwa ya mgodi na yeye hana pa kusimama. Yote yalikuwamo katika hadithi yangu ya kwanza, ile ya mama kupuuzwa. Nakumbuka, kwa aibu, kwamba pamoja na hofu nilikuwa na furaha fulani. Mbinu ilikuwa inafanya kazi.

Asubuhi nilimfuata mdogo wangu kazini kwake. Anasimamia karasha, yaani zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na pale huwezi kugombana vizuri kwa sababu ya kelele. Nililazimika kumshtaki kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Unamhamisha mama!"

"Nini?"

"Mama! Unamhamisha!"

Alinivuta pembeni, nyuma ya rundo la mawe. Uso wake ulikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Dada, mimi nimetumwa kupanda miembe mpaka mgongo umekataa. Kalale kwanza."

"Nani amekutuma?"

"Muulize mwenye shamba."

"Mwenye shamba ni mama."

"Ndiyo, dada. Wewe umesoma."

Alisema bila kejeli, au kwa kejeli iliyofunikwa na vumbi. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kutotulizwa na maneno. Mtu anayekuambia umuulize mwingine, nilijiambia, ana jambo. Na kumuuliza mama nisingeweza, maana nilishaamua kwamba mama ndiye anayefichwa. Ningemuulizaje mtu jambo analofichwa?

Wiki ileile kijiji kiliitwa mkutanoni. Walikuja wapimaji na maofisa, wakatandika ramani juu ya meza ya shule. Ofisa ardhi, mtu mpole mwenye sauti ya mafua, alieleza kwamba mstari wa mpaka wa mgodi haujafungwa kwa upande wetu. Kaya za ukingoni zinaweza kuwa ndani au zikaachwa nje. "Tunataka kuwasikia wenyewe," alisema.

Nikasimama kabla ya wenyewe.

Nimezungumza mbele za watu mara nyingi na mara nyingi nimejutia, ila siku ile nilijiona kama nimezaliwa kwa ajili yake. Niliwaeleza wanakijiji hadithi nne za kesho. Nilichora msalaba mchangani kwa fimbo ya mtu. Nilisema kuna watu wanaofaidika tukiwa hatuoni mbele, na niliposema "kuna watu" nilimtazama mdogo wangu, ambaye alikuwa anajikuna shingo.

"Dada," akaita mzee mmoja kutoka nyuma, "hiyo hadithi ya tatu ina mvua?"

"Haizungumzii mvua, baba."

"Basi tupe ya nne."

Walicheka, nami nikawasubiri. Nilipomaliza nilisema kwa sauti kubwa, ili ofisa aandike, kwamba familia yetu haitaki kuwa ndani ya mpaka. Baba amelala pale. Mama yangu ameishi pale, atazeekea pale, na hahami. Watu walipiga makofi. Baba zangu wadogo, ndugu za marehemu, walipiga kwa nguvu kuliko wote, na mmoja akainuka kabisa kunishika mkono. Mama alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, kitenge amekivuta hadi mdomoni. Sikumwona uso. Kwetu mzazi hamkatizi mtoto wake mbele za watu, hasa mtoto aliyetoka mjini.

Usiku, akiniwekea ugali, alisema, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Ananiita hivyo akinipenda na akinichoka. Nilichagua moja.

Nikarudi Shinyanga nikiwa mlinzi. Kwa muda wote uliofuata nilimpigia simu mdogo wangu nikijifanya namsalimia, nikimpeleleza. Alikuwa anajibu kwa ufupi. Nilimuuliza jirani aliyepewa kinu kama kuna gari lolote limesimama kwa mama. Nilianza hata kumshuku ofisa ardhi kwa yale mafua yake, kwamba pengine ni njia ya kutosema maneno mengine vizuri. Kazini niliendelea kuisema warsha vibaya, na nyumbani nilikuwa na karatasi kubwa nyuma ya mlango wa chumba, yenye msalaba na vyumba vinne, ambayo nilikuwa nikiifunika kwa kanga akija mgeni.

Hadi ile siku simu ilipoita na nikaona jina la mama.

Mama yangu hapigi simu. Anabipu, anakata, anasubiri umpigie. Ndivyo alivyo tangu apate simu, na anaona ndio ukubwa wenyewe. Siku ile simu iliita, ikaendelea kuita. Hiyo haikuwa ishara hafifu. Niliipokea nikiwa nimesimama.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Wapimaji wamepita."

"Wamesemaje?"

"Mstari umeishia kwa jirani. Yule wa kinu. Sisi tumeachwa nje."

Nilikaa kitandani. "Ashukuriwe Mungu," nikasema. "Tumeshinda, mama."

Nilisikia kuku, mmoja kati ya wale wawili.

"Nani ameshinda?" akauliza.

"Sisi. Hakuna wa kukuhamisha tena."

"Ndiyo. Hakuna." Akakohoa kidogo. "Yule jirani anaondoka na kinu changu."

Hapo ndipo kitu kilianza kusogea kichwani mwangu, polepole, kama kabati zito linalosukumwa. Nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi pale ukumbini.

"Mama, kwani wewe ulitaka nini?"

"Leo ndiyo unauliza."

"Miembe ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Ndugu yako alichimba mashimo tu, tena kwa kunung'unika."

"Na kaburi?"

"Baba yako angebebwa vipi akiwa kichuguu? Nilitaka wakija kumhamisha wamhamishe kama mtu."

Mama hakuwa na haraka, ingawa simu ilikuwa inakula salio lake.

"Mdogo wangu yuko peke yake Ushirombo," akasema. "Na mimi niko peke yangu hapa. Usiku mawe yanalipuka, kuta zinatetemeka, naongea na kuku. Lakini mjane akiondoka mwenyewe, shemeji zangu wanasema amemtupa mumewe. Akiondolewa na mgodi, wanasema maskini. Mimi nilikuwa nangoja kuitwa maskini. Wewe ukasimama."

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia ingekuwa nimelisema. Na wewe unaandika gazetini."

Nilicheka, na kicheko kikaniuma. Nyuma ya mlango, vyumba vyangu vinne vilikuwa vinanitazama, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mwanamke anayetaka kwenda kwa mdogo wake akasikilize kengele. Nilikuwa nimewashuku mwezeshaji, wadau wake, ofisa na mafua yake, na mdogo wangu wa tumbo moja. Yule aliyekuwa na mpango wa kweli nilimshuku kwamba anafichwa.

"Sasa tutafanyaje?" nikauliza.

"Tutafanyaje nini? Umeshasema mbele za watu kwamba sihami. Baba zako wadogo wanalirudia kila wakinywa."

"Mama, nisamehe."

"Sikukupigia kwa ajili ya hayo. Utakuja lini?"

"Unataka nije?"

"Uje na gari. Usimame palepale uliposimama, useme umebadili mawazo, mama anahama, hutaki kusikia la mtu. Useme mimi ni mzee na sina kauli. Mimi nitakataa."

"Utakataa?"

"Nitakataa sana. Labda nilie kidogo. Wewe usinisikilize. Hilo unaliweza."

Nililipokea lile dongo. Lilikuwa langu.

"Watanichukia, mama. Watasema nimesoma mpaka nimekosa adabu."

"Wanasema hivyo tangu uende chuo. Ongeza na hili."

"Na baba?"

"Baba yako amepata saruji," akasema mama. "Hana neno. Nitakuja kumpalilia siku za watakatifu." Kisha nikamsikia akimfukuza kuku mlangoni, akarudi kwenye simu. "Njoo Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa bado nje. Na uwe umekasirika kidogo, mayu. Ukija unatabasamu watajua."